Kukarabati mbao zilizooza kwenye chumba cha vioo

Chumba cha vioo kilichoungwa na nyumba huoza kuanzia chini. Kizingiti hutangulia, kikifuatwa na miguu ya nguzo, halafu ule ubao wa chini wa mlango ambao kila mwenye mikono iliyojaa huusukuma kwa mguu. Juu, karibu na paa, mbao za umri uleule huweza kuwa nzima kabisa. Tofauti ni maji: yanashuka, na pale yanapokwama ndipo kuvu hupata makazi.

Kuvu inayokula mbao hainawiri kwenye ubao wenye unyevu ulio chini ya asilimia 20. Ubao wa ndani ya nyumba kavu huwa na asilimia 8 hadi 12 hivi, na wa nje ukitunzwa hukaa chini ya 18. Uozo huanza unyevu unapofika karibu asilimia 30 na kubaki hapo muda mrefu. Namba hizo ndizo zinazoamua mambo katika kazi hii, tangu siku ya kutia gundi hadi siku ya kupaka rangi. Kwa hiyo kifaa cha kwanza ambacho ningekinunua ni kipima unyevu chenye sindano mbili, kabla ya patasi mpya na kabla ya kopo lolote la dawa.

Yajue maji yanakoingilia

Wengi huanza kwa kuchimba uozo. Anzia juu. Panda ngazi uangalie gata iliyo kati ya paa la vioo na ukuta wa nyumba. Ikizibwa na majani, maji hufurika upande wa ndani na kuteremka ndani ya fremu, ambako hakuna anayeyaona mpaka mguu wa nguzo ulainike. Tazama pia bati au risasi iliyofunika kiungo cha paa na ukuta: imepasuka? Imeinuka pembeni? Saruji iliyoishikilia ukutani imedondoka?

Kisha shuka chini. Udongo wa bustani, au sakafu ya nje iliyoinuliwa mpaka ikagusa kizingiti, unatosha kuozesha ubao hata kama paa halivuji tone. Kati ya ardhi na mbao ya chini kabisa iache nafasi ya sentimita 15, maana mvua ikipiga chini huruka, na matone hayo hulowesha kimo hicho bila shida.

Silikoni nayo ina kesi ya kujibu. Mtu huona ufa mdogo kwenye kiungo, anaupaka silikoni kwa nje, anaridhika. Maji huendelea kuingia kwa njia nyingine, ila sasa hayana pa kutokea. Ukikuta mstari mnene wa silikoni juu ya kizingiti, uchimbe hata kama rangi ya hapo inang'aa. Mara nyingi huko chini ndiko kwenye hali mbaya.

Kuna maji ambayo hayatoki nje kabisa, na haya ndiyo yanayovitofautisha vyumba vya vioo na madirisha ya kawaida. Maua kwenye vyungu, nguo zinazoanikwa, pumzi za watu: mvuke wote huo hukutana na kioo baridi usiku, hugeuka matone, huteremka na kujikusanya juu ya ubao wa chini wa fremu. Dalili yake ni rangi iliyofanya weusi na kubanduka upande wa ndani wakati upande wa nje uko salama. Hapa hakuna cha kuziba. Kinachotakiwa ni hewa ipite, kwa tundu au dirisha la chini linaloingiza na la juu linalotoa, na vyungu visogezwe mbali na kingo za vioo.

Ukiwa bado na shaka, tumia mpira wa maji. Mwagia sehemu ya chini peke yake kwa dakika kama kumi, mwenzako akiwa ndani akiangalia kwa tochi, kisha panda kidogo, tena kidogo. Ukianzia juu hutajua maji yameingilia wapi, kwa kuwa yatakuwa yamelowesha kila kitu yakishuka.

Pima uozo umefika wapi

Chukua bisibisi nyembamba au msumari mnene wenye mpini. Sukuma kwa mkono tu, usigonge. Ubao mzima hukataa. Uliooza humeza ncha. Pitia viungo vyote vya chini, kwa sababu ubao hunywa maji kwa kasi zaidi pale ulipokatwa na msumeno, na kila kiungo kimeficha ncha ya namna hiyo.

Kuna kipimo kingine ambacho ningekiamini kuliko kusukuma peke yake. Ingiza ncha kwa mshazari kufuata nyuzi za ubao, kisha inua kama unayetoa mwiba. Ubao mzima hutoa kibanzi kirefu chenye nyuzi na sauti kali ya kupasuka. Ulioanza kuoza hukatika palepale, mfupi, bila kelele, hata kama kwa macho bado unaonekana mzuri. Endelea mpaka upate vibanzi virefu mara kadhaa mfululizo, halafu piga mstari wa penseli.

Uozo wa kahawia hupasuka vipandepande vyenye pembe na kusagika kuwa unga ukivifinya. Mweupe huacha nyuzi laini. Kwa fundi matibabu ni yaleyale. Usichokipuuza ni utando wa kijivu au mweupe uliotambaa kutoka kwenye ubao hadi ukutani, pamoja na vumbi la rangi ya kutu: huo huenda ni uozo mkavu, unaosababishwa na kuvu iitwayo Serpula lacrymans. Hupita ndani ya matofali na plasta kutafuta ubao mwingine. Ukiuona, acha kazi, ita mtu anayeujua. Matundu madogo ya duara ni ya wadudu, na vijia vya udongo ni vya mchwa; hao wana dawa zao, na kubadilisha ubao kabla ya kuwamaliza ni kuwapelekea chakula.

Sasa amua. Doa lenye kina cha sentimita moja au mbili kwenye ubao usiobeba uzito linaweza kujazwa. Uozo uliokula mguu wa nguzo au ncha ya kizingiti, huku sehemu nyingine ikiwa nzima, hupandikizwa kipande kipya. Uliopita katikati ya ubao au unaoonekana sehemu tatu nne tofauti, toa ubao wote. Kuutilia viraka kutakuchosha kuliko kutengeneza mpya. Boriti inayobeba paa ni habari nyingine kabisa, na hiyo mkabidhi fundi anayeweza kupiga hesabu za mzigo.

Paa na vioo kwanza

Watu hudharau uzito wa kioo. Kila milimita moja ya unene ina uzito wa kilo 2.5 kwa mita moja ya mraba. Kioo cha tabaka mbili za milimita 4 ni kilo 20 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kipande cha mita moja kwa mbili ni kilo 40, na paa lina vipande vingi vya namna hiyo. Nguzo unayotaka kuikata mguu inabeba sehemu ya mzigo huo.

Simamisha nguzo mbili za muda za chuma, zile zinazorefushwa kwa skrubu, moja kila upande wa nguzo iliyooza. Chini weka ubao mpana ili mzigo usambae, juu weka kipande cha mbao ili chuma kisiitoboe boriti. Kaza mpaka zishike mzigo, basi. Ukiendelea kukaza utainua paa, na kioo hakivumilii fremu inayopinda.

Vioo vilivyo karibu na sehemu ya kukata vitoe. Fito zinazovishikilia ng'oa kuanzia katikati ya urefu wake, zipinde taratibu zichomoke, na uandike nyuma ya kila moja ilikotoka. Kioo beba kikiwa kimesimama, watu wawili wenye glavu, ukiegemeze karibu wima juu ya vipande vya mbao. Usikilaze, na ukingo usiguse saruji. Kioo kigumu kilichopitishwa motoni kiwandani huweza kuvumilia pigo la uso, lakini ukigonga pembe yake kinamwagika chote.

Kama nyumba ni ya zamani, chukulia kwamba rangi ya chini ina risasi, madini yenye sumu, mpaka kipimo kionyeshe vinginevyo. Rangi hiyo usiipige msasa mkavu wala usiichome kwa moto. Ilowanishe kabla ya kukwangua, vaa barakoa inayochuja vumbi laini, tandika plastiki chini, na watoto wakae mbali.

Kata, kisha subiri

Kata sentimita tano au zaidi kupita mstari wako wa penseli, ndani ya ubao mzima. Kuvu hutangulia mbele ya uozo unaoonekana. Ukishakata, ingiza sindano za kipima unyevu kwenye uso mpya.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa haraka. Kipimo kinasema asilimia 26, nje jua linawaka, kopo limeshafunguliwa, na mwenye kazi anajiambia kwamba itakauka yenyewe baadaye. Haitakauka, kwa sababu ameifungia ndani. Gundi na epoksi (gundi ngumu ya vimiminika viwili vinavyochanganywa) hazishiki vizuri kwenye ubao mbichi, na rangi juu yake itafanya malengelenge. Funika sehemu kwa plastiki iliyotanuliwa kama paa, pembeni pawe wazi hewa ipite, na usubiri kipimo kishuke chini ya 18. Kwa mbao nene inaweza kuchukua wiki kadhaa. Usiikaushe kwa moto wala mashine ya hewa moto, kwa kuwa uso utapasuka na moyo ubaki na maji.

Kupandikiza mguu mpya wa nguzo

Kiungo cha kupandikiza hukatwa kwa mshazari, na mwelekeo wa mshazari huo ni jambo la msingi kuliko uzuri wake. Upande wa nje wa nguzo mstari uwe chini, upande wa ndani uwe juu. Hivyo tone lolote litakalopenya kwenye mstari wa gundi litarudi nje lenyewe. Ukigeuza, umetengeneza faneli inayoelekeza maji ndani ya nguzo. Urefu wa mshazari uwe walau mara tatu ya unene wa nguzo. Nguzo ya milimita 70, kwa mfano, ipate kiungo cha milimita 210 au zaidi. Hicho ni kiungo cha nguzo inayosukumwa kwenda chini. Ubao unaopindwa na mzigo huhitaji mshazari mrefu zaidi ya hapo.

Kipande kipya kiwe cha mti uleule ikiwezekana, au unaokaribiana nao kwa ugumu, na kikaushwe kufikia unyevu unaokaribia ule wa nguzo. Chagua moyo wa mti. Sehemu ya nje ya gogo, ile nyeupe zaidi, huoza upesi katika kila aina ya mti, hata ile inayosifiwa kwa kudumu. Nyuzi zifuate urefu wa nguzo. Kata kipande kikiwa kinene kuliko nguzo kwa milimita mbili tatu kila upande. Utakilinganisha kwa randa gundi ikikauka, na hilo ni rahisi kuliko kubahatisha vipimo.

Jaribu kwanza bila gundi. Paka penseli laini kwenye uso wa mshazari wa zamani, bandika kipande kipya, kisogeze kidogo, kitoe. Palipochafuka ndipo palipoinuka. Punguza kwa patasi kali. Rudia mpaka alama zisambae karibu uso mzima. Ukitumia gundi ya kawaida ya mbao inayohimili maji, kiungo lazima kibane kabisa. Epoksi ina uvumilivu zaidi na hujaza mwanya wa milimita moja, lakini usikaze jiriwa mpaka ikamwagika yote nje, kwani kiungo kikavu hakina nguvu. Jiriwa zishike tu, epoksi ibaki ndani.

Kabla ya kubandika, paka epoksi nyepesi kwenye nyuso zote mbili, uiache inywewe kwa dakika kadhaa, kisha ndipo uweke ile nzito. Usipofanya hivyo, ncha za nyuzi zitafyonza gundi na kuacha kiungo na njaa. Ongeza skrubu mbili za chuma kisichoshika kutu, au vijiti vya mbao ngumu vilivyopigwa kukatisha mshazari. Skrubu za chuma cha kawaida ziache dukani, hasa kama ubao ni mwaloni au mwerezi: tindikali iliyomo kwenye mbao hizo hula chuma na kuacha michirizi myeusi.

Sehemu ya chini kabisa ya mguu ndiyo iliyoua ule wa kwanza, kwa hiyo usiirudishe ilivyokuwa. Paka epoksi nyepesi kwenye ncha hiyo mara mbili tatu, mpaka iache kunywa. Kisha nguzo isigusane na saruji: iinue milimita kumi juu ya kipande cha plastiki ngumu au kikalio cha chuma kisichoshika kutu. Mwanya huo usiujaze silikoni.

Kizingiti

Kanuni ni zilezile, ila kizingiti kina umbo lake ambalo mafundi wa haraka hulisahau. Uso wa juu uteremke kuelekea nje kwa pembe ya digrii 7 hadi 10. Chini ya hapo maji hulala. Chini, karibu na ukingo wa mbele, pitisha mfereji mdogo wa kukata matone, upana na kina milimita 6 hadi 8, kutoka ncha hadi ncha. Maji yakifika hapo hudondoka badala ya kutambaa kurudi ukutani. Usiuzibe kwa rangi. Ukikagua kizingiti kilichooza mara nyingi utakuta mfereji huo haukuwepo, au umejaa tabaka za rangi za miaka mingi.

Epoksi ya kujazia

Kwa madoa madogo, chimba mpaka ubao mzima, toboa vitundu vichache, mimina epoksi nyepesi ilowe, na kabla haijakauka kabisa jaza ile nzito kwa kisu cha bapa. Changanya kidogo kidogo. Epoksi ikiwa nyingi kwenye kopo hujipasha moto, huweza hata kutoa moshi, na hukauka kabla hujaimaliza. Wakati wa baridi, chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, nyingi hukawia sana au hazikauki vizuri. Soma maelezo ya kopo lako. Na uifunike kwa rangi, kwa sababu jua huivunja.

Zile puti za poliesta zinazokauka kwa dakika chache ni nafuu, nami nazikubali kwa tundu la skrubu na mikwaruzo. Kwa shimo kubwa la nje sizikubali. Ubao hutanuka na kusinyaa kila msimu, puti hiyo haisogei nao, ufa unatokea ukingoni, na maji yanapata mlango mpya.

Dawa, rangi, na kurudisha vioo

Karibu na viungo vya chini, toboa vitundu na utie vijiti vya borati (chumvi ya boroni inayoua kuvu), kisha ziba kwa vizibo vya mbao. Vijiti hivyo hukaa kimya ubao ukiwa mkavu. Unyevu ukipanda huyeyuka na kusambaa mahali palepale panapotishiwa. Weka chini ya mstari wa maji yanayoweza kuingia, na visigusane na kioo.

Rangi iwe ile inayopitisha mvuke. Tabaka la kwanza lipakwe pande zote za mbao mpya, pamoja na zile zitakazofichwa na kioo, kabla ya kufunga chochote. Mawili ya juu yafuate baada ya msasa mwepesi. Pembe kali ziviringishe kidogo kwa msasa, milimita mbili tatu, kwani rangi hujivuta kutoka kwenye pembe na kuwa nyembamba hapo.

Kioo cha tabaka mbili kisikae moja kwa moja kwenye ubao wala kwenye maji. Kiweke juu ya vipande vidogo vya plastiki vya milimita 5 hivi, na utoboe njia za kutolea maji kwenye ubao wa chini. Usitumie puti ya mafuta ya kitani kwenye vioo vya aina hii; mafuta hayo huharibu ufito unaounganisha tabaka mbili, na ukungu utaingia katikati ambako hakuna kitambaa kinachofika. Puti hiyo ni ya kioo kimoja cha zamani, nayo iachwe wiki moja au mbili ifanye ngozi kabla ya rangi. Rangi ipite juu ya puti na kuingia kwenye kioo kwa milimita 2, ili maji yasipate ufa kati yao.

Nguzo za muda zitoe gundi ikishakomaa kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, ukilegeza upande huu kidogo na ule kidogo. Mbao zilizooza usiziache zimerundikwa pembeni mwa chumba. Kama ziliwahi kutiwa dawa ya kuzuia kuoza, usizitumie kama kuni, maana moshi na majivu yake vinaweza kuwa na sumu. Na kama ulitumia rangi au mafuta ya kitani, vitambaa ulivyofutia usivikunje na kuvitupa kwenye pipa. Vikikunjwa hujipasha moto vyenyewe hadi kuwaka. Vitandaze nje kimojakimoja mpaka vikauke na kuwa vigumu, au vitie kwenye kopo la chuma lenye maji.